Kwa Nini Marais wa Marekani Hukumbukwa kwa Mambo Wasiyoyapanga

Katika orodha nyingi za marais wa Marekani, kila jina hupachikwa tukio moja: Abraham Lincoln na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Herbert Hoover na Mdororo Mkuu wa uchumi, Richard Nixon na kashfa ya Watergate, Jimmy Carter na mateka wa Tehran. Orodha za namna hiyo hukaririka kwa urahisi, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hana sababu ya kuzilalamikia. Ubaya wake ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa rais ndiye aliyesababisha kila lililotokea kati ya siku aliyoapishwa na siku aliyokabidhi ofisi, na kwamba tukio lililobandikwa kwenye jina lake ndilo kubwa kuliko yote aliyoyatenda. Mara nyingi si kweli. Tukio linalotambulisha muhula huwa limeanza kuiva kabla rais hajaingia madarakani, na ukubwa wake hutegemea sana anayelipima yuko wapi: Washington, Saigon ya Vietnam au Nairobi.

Tuanze na mamlaka yenyewe. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 ilimpa rais muhula wa miaka 4, uamiri jeshi mkuu, haki ya kuteua mawaziri, mabalozi na majaji kwa ridhaa ya Seneti, na kura ya turufu ambayo Kongresi inaweza kuitengua kwa theluthi mbili za kila baraza. Haikumpa uwezo wa kutunga sheria, wala wa kuchota hata dola moja kutoka Hazina bila idhini ya Kongresi, ambayo leo ina wawakilishi 435 na maseneta 100, kila mmoja na wapiga kura wake wa kuwaogopa. Matokeo yake ni kwamba rais ana mkono mrefu katika mambo ya nje na ya kijeshi, ambako mambo huja ghafla na kwa matakwa ya watu asiowatawala, lakini ana mkono mfupi katika mambo ya ndani, ambayo ndiyo huyaahidi zaidi kwenye kampeni. Tangu mwanzo, basi, ofisi yenyewe imejengwa kwa namna inayomweka kiongozi wake mbali na ahadi zake na karibu na dharura.

Yupo aliyekwenda kinyume cha mkondo huo. James Polk, aliyeapishwa mwaka 1845, aliahidi kukaa muhula mmoja tu na kutimiza mambo manne: kupunguza ushuru wa forodha, kuirudisha Hazina huru isiyotegemea benki za watu binafsi, kumaliza mgogoro wa mpaka wa Oregon na Uingereza, na kuipata California. Aliyapata yote manne, akaondoka mwaka 1849 kama alivyosema, na akafariki miezi mitatu baadaye. Ajabu ni kwamba rais huyu aliyetimiza ahadi zake zote hatajwi sana nje ya madarasa ya historia. Tena lile lililokuwa kubwa zaidi katika mafanikio yake ndilo lililowaangamiza waliomfuata. Vita dhidi ya Mexico, ambavyo Polk mwenyewe alivichokoza kwa kupeleka askari katika eneo lililokuwa likigombaniwa, viliisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848, na Marekani ikajipatia ardhi kubwa hadi Bahari ya Pasifiki. Swali lililozuka papo hapo lilikuwa kama utumwa utaruhusiwa katika ardhi hiyo mpya, na kwa miaka 12 iliyofuata hakuna rais aliyeweza kulijibu bila kuukasirisha upande mmoja au mwingine.

Lincoln alilikuta swali hilo likiwa limekwisha kuvunja nyumba. Alishinda Novemba 1860 kwa takribani asilimia 40 tu ya kura za wananchi, kwa kuwa wapinzani wake watatu waligawana zilizobaki. Kabla hajaapishwa Machi 4, 1861, majimbo saba ya Kusini yalikuwa yamejitenga, huku mtangulizi wake, James Buchanan, akishikilia kwamba majimbo hayana haki ya kujitenga lakini serikali kuu nayo haina uwezo wa kuyazuia. Katika hotuba yake ya kwanza Lincoln alisema hana nia ya kuugusa utumwa mahali ulipokuwapo tayari. Mizinga ilipolia katika ngome ya Sumter tarehe 12 Aprili na vita kuanza, alikuwa na wiki tano na ushei ofisini. Tangazo la kuwaweka huru watumwa katika majimbo ya waasi lilikuja Januari 1, 1863, baada ya karibu miaka miwili ya vita vilivyomfundisha kwamba Muungano hautaokolewa huku utumwa ukiachwa salama. Nalihesabu tangazo hilo kuwa tendo kubwa kuliko yote ya urais wa Marekani, lakini ni wazi kwamba halikuwa miongoni mwa mambo aliyoyaombea kura.

Suala la urithi linaonekana vizuri zaidi kwa Hoover, kwa sababu kwake historia imekuwa kali kupita kiasi. Aliingia Ikulu Machi 1929 akiwa na sifa ambazo wachache waliwahi kuwa nazo. Alikuwa mhandisi wa madini aliyejitajirisha kwa kazi yake, aliongoza shughuli ya kuwalisha Wabelgiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na alisimamia misaada wakati mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927. Kwa maneno mengine, Wamarekani walimchagua bingwa wa kukabili majanga, na janga halikuchelewa kufika. Soko la hisa la New York liliporomoka mwishoni mwa Oktoba 1929, kabla hajamaliza miezi minane, kutokana na miaka ya mikopo holela ya kununulia hisa na udhaifu wa benki ndogo ndogo ambao ulianza zamani. Makosa yake mwenyewe yalikuja baadaye. Alitia saini sheria ya ushuru ya Smoot-Hawley mwaka 1930, iliyochochea nchi nyingine kulipiza kisasi, na alishikilia kwa ukaidi kwamba serikali kuu isiwape wasio na kazi msaada wa moja kwa moja. Vibanda vya mabati na maboksi vilivyojengwa na waliopoteza makazi vikaitwa Hooverville, yaani miji ya Hoover. Julai 1932, maveterani waliokuwa wamepiga kambi Washington wakidai malipo yao waliondolewa kwa mabomu ya machozi na vifaru chini ya Jenerali Douglas MacArthur, na picha za kambi ikiteketea zikammaliza Hoover kisiasa. Novemba mwaka huo alishinda majimbo sita tu.

Halafu ukafuata muda ambao orodha huuruka. Wakati ule rais mpya aliapishwa Machi, si Januari, kwa hiyo kati ya uchaguzi na makabidhiano ilipita miezi minne ya nchi kuwa na rais aliyekataliwa na mwingine asiyekuwa na mamlaka bado. Katika miezi hiyo watu walikimbilia benki kutoa akiba zao, na hadi asubuhi ya Machi 4, 1933 majimbo mengi yalikuwa yamefunga benki zake au yameweka mipaka ya fedha zinazotolewa. Hoover alimtaka Franklin Roosevelt, aliyemshinda kwenye uchaguzi, watoe tamko la pamoja. Roosevelt alikataa kufungwa na sera za mtu aliyeshindwa. Alipoapishwa alifunga benki zote nchini, na tarehe 9 Machi Kongresi ikapitisha sheria ya dharura ya mabenki kwa siku moja, wabunge wengi wakiwa hawajapata hata nakala ya kuisoma. Rasimu ya sheria hiyo iliandaliwa kwa kiasi kikubwa na maofisa wa Hazina wa Hoover walioombwa wabaki kusaidia. Jumapili ya tarehe 12 Roosevelt aliwaeleza wananchi redioni, kwa lugha ya mtu anayezungumza na jirani, jinsi benki inavyofanya kazi na kwa nini fedha zao ziko salama, na benki zilipofunguliwa watu walirudi na fedha walizokuwa wamezificha majumbani. Tofauti kati ya marais hao wawili kwenye suala la benki haikuwa kubwa katika maandishi ya sera. Ilikuwa kubwa katika tarehe na katika sauti. Sitaki kumpunguzia Roosevelt sifa yake, kwani bima ya amana za benki ya mwaka 1933 na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 zilitiwa saini naye na bado zinasimama, lakini kama Hoover angechaguliwa mwaka 1920 badala ya 1928, huenda leo angehesabiwa miongoni mwa marais bora. Marekebisho ya 20 ya Katiba, yaliyoridhiwa Januari 1933, yalisogeza kiapo hadi Januari 20 ili pengo kama lile lisirudi.

Carter na Ronald Reagan walirithishana kwa namna hiyohiyo, ila safari hii aliyefuata alivuna kilichomgharimu aliyetangulia. Mfumuko wa bei ulikuwa umeisumbua Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1960, na bei ya mafuta ilipopanda tena baada ya mapinduzi ya Iran, hali ikazidi kuharibika. Agosti 1979 Carter alimteua Paul Volcker kuongoza Benki Kuu, huku akionywa na washauri wake kwamba mtu huyo atapandisha riba bila kujali uchaguzi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulikuwa zaidi ya asilimia 13, riba za muda mfupi zilikaribia asilimia 20, na mikopo ya nyumba na magari ikawa haishikiki. Juu ya hayo, wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran tarehe 4 Novemba 1979, na Wamarekani 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Jaribio la kuwaokoa kwa helikopta Aprili 1980 lilivunjika jangwani na askari wanane wakafa. Mateka hao waliachiwa Januari 20, 1981, dakika chache baada ya Reagan kula kiapo, ingawa makubaliano ya kuwaachia yalikamilishwa na watu wa Carter kwa upatanishi wa Algeria. Dawa chungu ya Volcker nayo ilimaliza kazi yake chini ya Reagan. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa mwaka 1982, kisha mfumuko ukashuka hadi karibu asilimia 3 mwaka 1983, na mwaka 1984 Reagan akashinda majimbo 49 kwa tangazo la kwamba kumekucha upya. Alichofanya yeye, na si kidogo, ni kumwachia Volcker nafasi ya kuendelea wakati chama chake mwenyewe kilikuwa kikilalamika. Anayepanda mwembe mara nyingi siye anayekula embe, na wapiga kura hawana desturi ya kuuliza nani aliuchimbia shimo.

Hata hivyo, urithi hauelezi kila kitu. Lyndon Johnson alirithi Vietnam akiwa na washauri wa kijeshi wapatao 16,000 walioachwa na mtangulizi wake, John Kennedy, lakini aliyeigeuza kuwa vita vikubwa vya Marekani ni yeye, na alifanya hivyo huku akitunga sheria za ndani zenye uzito kuliko za rais yeyote tangu Roosevelt. Urais wake ndio unaofaa kutazamwa kwa karibu kuliko wote, kwa sababu ndani yake mambo mawili makubwa hayakufuatana. Yalikwenda bega kwa bega, kwa wiki zilezile na mara nyingine kwa siku zilezile.

Tazama mwaka 1965. Jumapili ya Machi 7, polisi wa Alabama waliwapiga kwa virungu waandamanaji Weusi waliokuwa wakivuka daraja mjini Selma kudai haki ya kupiga kura. Siku iliyofuata, Machi 8, wanamaji wapatao 3,500 walishuka ufukweni Da Nang, wakiwa vikosi vya kwanza vya Marekani vya kupigana ardhini Vietnam. Wiki moja baadaye Johnson, mwana wa Texas aliyekulia katika siasa za Kusini, alisimama mbele ya Kongresi na kutumia maneno ya wimbo wa wanaharakati wenyewe, akisema kwamba tutashinda. Kufikia Julai majenerali walikuwa wakitaka askari wengi zaidi, na wakati huohuo muswada wa bima ya afya kwa wazee na ule wa haki ya kupiga kura ulikuwa katika hatua za mwisho. Adhuhuri ya Julai 28, saa ambayo watu wengi wako kazini, Johnson aliwaambia waandishi wa habari kwamba askari walioko Vietnam wataongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000, na kwamba vijana wanaoandikishwa jeshini kwa lazima wataongezeka kutoka 17,000 hadi 35,000 kwa mwezi. Katika mkutano huohuo alitangaza jina la jaji mpya wa Mahakama ya Juu ya nchi, kana kwamba habari hizo zilikuwa na uzito sawa. Hakuwaita askari wa akiba, hakuomba kodi mpya, hakuhutubia usiku. Siku mbili baadaye, Julai 30, alisafiri hadi Independence, Missouri, na kutia saini sheria ya Medicare mbele ya rais wa zamani Harry Truman, mzee wa miaka 81 aliyeshindwa kuipitisha bima ya afya ya taifa miaka 20 nyuma, kisha akampa kadi ya kwanza ya mpango huo. Agosti 6 ikafuata Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Utulivu wa tangazo la Julai 28 ulikusudiwa. Johnson aliijua Kongresi kama mvuvi anavyoijua bahari yake, na aliamini kwamba akiiambia wazi kuwa nchi inaingia vitani, wahafidhina watapata kisingizio cha kuzika miswada yake kwa hoja ya kubana matumizi. Aliamini pia kwamba akiiacha Vietnam ya Kusini ianguke, watu haohao watamshambulia kwa kuipoteza, kama Truman alivyoshambuliwa China ilipoangukia mikononi mwa wakomunisti, na nguvu zake za kupitisha sheria zitaisha. Kwa hiyo aliificha vita ili kuiokoa miswada, na aliiendesha vita kwa sehemu ili asipoteze uwezo wa kutunga sheria. Hakuwa amedanganyika kuhusu matokeo. Tunalijua hilo kwa sababu alikuwa akirekodi mazungumzo yake ya simu, na katika kanda ya Mei 27, 1964 anasikika akimwambia mshauri wake McGeorge Bundy kwamba haoni kama Vietnam inastahili kupiganiwa, na haoni kama wanaweza kutoka.

Gharama ya kuficha ilijitokeza baadaye. Vita visivyotozewa kodi vililipiwa kwa mfumuko wa bei, uleule ambao Carter angekuja kuubeba, na kodi ya nyongeza ilipopitishwa hatimaye mwaka 1968, Kongresi ilidai matumizi ya ndani yapunguzwe, jambo ambalo Johnson alikuwa amelikwepa kwa miaka mitatu. Martin Luther King, aliyekuwa naye bega kwa bega kwenye sheria za haki za kiraia, alijitenga naye hadharani Aprili 4, 1967 katika kanisa la Riverside mjini New York. Mashambulizi ya Tet, ambayo wakomunisti waliyafanya kote Vietnam ya Kusini mwishoni mwa Januari 1968, hayakuwapa ushindi wa kijeshi, lakini yaliwaonyesha Wamarekani kwamba waliyokuwa wakiambiwa kuhusu ushindi ulio karibu hayakuwa kweli. Machi 31 mwaka huo, mwishoni mwa hotuba ya televisheni, Johnson alisema hatagombea tena. Siku nne baadaye King aliuawa Memphis. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo, na makadirio ya Wavietnam waliokufa huzidi milioni moja. Johnson mwenyewe alifariki Januari 22, 1973, siku tano kabla ya mkataba wa Paris wa kusitisha vita hivyo kutiwa saini.

Ni tukio gani basi linalotambulisha muhula wake? Kwa kizazi kilichoandikishwa jeshini jibu lilikuwa Vietnam, na kwa miongo miwili ndilo jibu pekee lililosikika. Kwa Mmarekani Mweusi wa Mississippi aliyejiandikisha kupiga kura kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 60, jibu ni jingine. Muda pia hubadilisha majibu. Truman aliondoka Ikulu akiwa miongoni mwa marais wasiopendwa kabisa, kwa sababu ya vita vya Korea vilivyokwama na uamuzi wake wa kumfuta kazi MacArthur mwaka 1951. Leo wanahistoria humweka juu, kwa Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa uamuzi uleule wa kumfuta kazi MacArthur. Waliobadilika ni wapimaji.

Wapimaji wanaweza pia kutofautiana kwa mahali, na hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana ushahidi wao wenyewe. Muulize Mmarekani wa kawaida mwaka 1998 ulikuwaje kwa Bill Clinton, atakutajia Monica Lewinsky, mwanagenzi wa Ikulu aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na rais, kiapo cha uongo, na kura ya Baraza la Wawakilishi ya Desemba 19 ya kumshtaki rais, mashtaka ambayo Seneti ilimwondolea Februari 1999. Muulize mkazi wa Nairobi, atakutajia asubuhi ya Ijumaa ya Agosti 7, lori lililolipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, jengo la Ufundi lililoporomoka, na watu 213 waliokufa, 12 tu kati yao wakiwa Wamarekani. Dar es Salaam, dakika chache tofauti, walikufa 11. Mambo hayo mawili yaligongana mezani kwa rais yuleyule ndani ya siku 13: Agosti 7 mabomu, Agosti 17 ushahidi mbele ya baraza la mahakama kuhusu Lewinsky, Agosti 20 makombora yaliyorushwa kwenye kambi za Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Wapo waliosema Washington kwamba makombora yale yalirushwa ili kuihamisha akili ya umma, na shaka hiyo, iwe ya haki au la, ilifanya kila hatua iliyofuata dhidi ya Osama bin Laden, aliyekuwa nyuma ya mabomu hayo, iwe nzito kisiasa. Baada ya Septemba 11, 2001 ilikuwa dhahiri kuwa lililotokea Nairobi na Dar es Salaam lilistahili kuwa habari kuu ya mwaka ule hata kwa Wamarekani wenyewe.

George W. Bush aliweka tofauti hiyo ndani ya hotuba moja. Januari 28, 2003, katika hotuba ya mwaka kwa Kongresi, alitumia sehemu ndefu kujenga hoja ya vita dhidi ya Iraq, kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Katika hotuba hiyohiyo aliomba dola bilioni 15 kwa miaka 5 kupambana na UKIMWI, akitaja kwamba kati ya zaidi ya watu milioni 4 barani Afrika waliohitaji matibabu haraka, ni 50,000 tu waliokuwa wakipata dawa. Vita vilianza Machi, sheria ya mpango wa PEPFAR ikatiwa saini Mei 27. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kulengwa, na anayekumbuka wodi za hospitali zetu kabla ya ARV kupatikana bure anajua fedha hizo zilibadilisha nini. Baghdad haiwezi kumsamehe Bush kwa sababu ya kliniki za Kisumu au Mbeya, wala haipaswi. Ninachosema ni kwamba anayeandika historia ya muhula huo akiwa Mbeya na anayeiandika akiwa Baghdad wote wanaandika kweli, na wanaanzia jioni moja.

Sheria zisizo na kelele hupata nafasi ndogo zaidi. Oktoba 3, 1965, miguuni pa Sanamu ya Uhuru, Johnson alitia saini sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo wa mwaka 1924 uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, akawahakikishia wasikilizaji kwamba haikuwa sheria ya kimapinduzi na haitagusa maisha ya mamilioni. Ilikuja kubadilisha sura ya Marekani kuliko vita vyake vyote. Carter, huyohuyo wa mateka, alitia saini Sheria ya Wakimbizi Machi 17, 1980, nayo ndiyo iliyoweka utaratibu ambao kupitia kwake Wakongo na Warundi wengi walihamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Rwanda. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa. George H. W. Bush, ambaye orodha humpa Vita vya Ghuba na kumalizika kwa Vita Baridi, alitia saini Novemba 1990 sheria iliyozaa bahati nasibu ya viza ambayo kwa miaka mingi iliwajaza Wakenya na Watanzania kila Oktoba kwenye vibanda vya intaneti kupiga picha za Green Card.

Sheria ya mwaka 1980 humwachia rais, baada ya kushauriana na Kongresi, kupanga kila mwaka idadi ya juu kabisa ya wakimbizi watakaopokelewa, na ndiyo maana idadi hiyo hupanda na kushuka kufuatana na aliyeko Ikulu. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Donald Trump aliusimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi kwa amri ya rais, pamoja na misaada mingi ya nje iliyozuiliwa kwa amri nyingine siku hiyohiyo. Vichwa vya habari Washington vilikuwa vimejaa amri nyingine kadhaa, na bado haijulikani ni ipi kati yake itakayobandikwa kwenye jina lake. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako zilikuwapo familia za Kikongo zilizokwisha kufanyiwa usaili na kupimwa afya, jibu lilipatikana wiki ileile.